Asiende Mtu Ofisini Peke Yake

Hotuba ya Mwenyekiti siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi, 2025

  Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii tukiwa wazima, na twawakumbuka wenzetu wawili waliotangulia mbele ya haki kabla hawajaiona.

Tulianza mwaka wa 2015 tukiwa akina mama 18 chini ya mwembe, kila mmoja na shilingi 50 yake ya Alhamisi. Walikuwapo waliotucheka. Walisema hawa wamepata mahali pa umbeya. Leo tuko 34. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo zake zinalala nyumba tatu mbalimbali. Mahamri yameuzwa, makuti yamesukwa, karo imelipwa, na nyumba nyingi zilizokuwa za makuti sasa zina mabati. Hizo ni habari za mweka hazina na atazisoma na hesabu zake. Sisi hatutaki kumla maneno.

Leo tumeomba kuzungumza jambo moja tu, nalo ni watoto wetu wenye mahitaji maalum. Tunasema wale waliochelewa kukaa, kutembea au kusema. Wenye mtindio wa ubongo, wenye usonji, wenye kifafa, na wanaochelewa kushika masomo. Katika kikundi hiki nyumba saba zina mtoto wa namna hiyo. Miaka kumi iliyopita tulidhani ni nyumba mbili. Wale wengine watano hawakuwa wamehamia juzi. Walikuwa ndani, mlango umerudishwa.

FAINI TULIYOMTOZA MWENZETU

Tuanze na aibu yetu wenyewe, kwa sababu mficha maradhi kifo humuumbua.

Mwishoni mwa mwaka wa 2024 mwenzetu mmoja alikosa mikutano mitatu mfululizo, tena bila kutuma salamu. Katiba yetu ilisema wazi: kukosa bila ruhusa ni faini ya shilingi 100. Tukamwandikia 300. Alikuwa na mkopo pia, na rejesho lake likachelewa. Basi maneno yakaanza. Ati anakimbia deni. Ati ameonekana mjini mara mbili, kumbe pesa za nauli anazo. Sisi viongozi tuliyasikia maneno hayo na hatukuyakemea. Wengine wetu, tuseme kweli, tuliyasema.

Katibu alipokwenda kwake kudai, alimkuta amekaa kwenye mkeka na mtoto wake wa miaka tisa mapajani, mtoto ana mtindio wa ubongo na kifafa. Mtoto alikuwa ameumia mdomo kwa kuanguka. Dawa zilikuwa zimeisha.

Ilikuwa hivi. Mama huyu alikuwa analipa NHIF shilingi 500 kila mwezi, hakosi, hata mwezi wa njaa. Tarehe 1 Oktoba 2024 mambo ya NHIF yakaisha, ikaingia SHA. Yeye alisikia redioni, lakini alifikiri ni jina tu limebadilika, kama vile wanavyobadilisha jina la barabara. Alipofika hospitali akaambiwa kadi yake haisomi, hajajiandikisha upya. Akarudi nyumbani kutafuta vyeti. Akaenda tena, akaambiwa mtoto hayumo kwenye orodha ya wategemezi wake. Akaenda mara ya tatu, akaambiwa amekwisha kuandikishwa lakini hajalipa mwaka mzima. Mwaka mzima! Yeye alizoea kulipa mwezi mwezi. Hizo ndizo Alhamisi tatu alizokosa. Dawa alinunua kwa pesa zake mpaka pesa zikaisha, na hizo pesa zilikuwa ni rejesho letu.

Katibu alimuuliza, "Mwenzetu, mbona hukutuambia?" Akajibu, "Ningesimama vipi kuwaambia, na nyinyi mnanidai?"

Jibu hilo tulilijadili Alhamisi nzima, hata pesa hatukuhesabu. Tulimrudishia faini yake na rejesho tukalisogeza mbele. Lakini pia tulijiuliza: tunaweka akiba ya nini ikiwa mwenzetu anaogopa kuleta shida yake mbele ya sanduku lake mwenyewe? Tukafuta kile kipengele cha faini kwa mzazi aliyeshughulikia mtoto. Na tukaandika kipengele kipya, kifupi: Asiende mtu ofisini peke yake.

MAMBO YALIYOBADILIKA

Akina mama wenzetu, serikali haikuwasahau watoto hawa. Katiba ya 2010 imewataja watu wenye ulemavu katika kifungu chake cha 54. Sheria ya mwaka wa 2003 ilikuwapo, nayo ilimkataza mzazi kumficha mtu mwenye ulemavu asipate huduma zake. Mwezi wa Mei 2025 Rais alitia saini sheria mpya ya watu wenye ulemavu kuchukua mahali pa ile ya 2003. Kwa hivyo haki ziko. Shida yetu si haki. Shida ni kwamba njia ya kuifikia hiyo haki inahamishwa, na anayehamisha hatufikii sisi wa mwisho wa barabara. Kila njia inapohama, kuna mtoto anabaki nyuma. Hebu tuyapitie polepole, na mwenye kalamu aandike.

La kwanza ni SHA. Chini ya NHIF sisi tusio na mshahara tulilipa 500 kwa mwezi, yaani 6,000 kwa mwaka. Chini ya SHA unaulizwa maswali juu ya nyumba yako na maisha yako, halafu unapangiwa kiwango. Kiwango cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Basi mtu atasema, si ni nafuu? Ni nafuu kwa hesabu, lakini inatakiwa ya mwaka kwa pamoja. Ni nani hapa mwenye 3,600 ya kutoa siku moja mwezi wa Januari, watoto wanarudi shule? Jambo jingine: kujiandikisha bila kulipa kunakufikisha zahanati na kituo cha afya, ambako matibabu ya kawaida yanalipiwa na serikali. Hospitali kubwa, kulazwa na kupimwa vikubwa, lazima uwe umelipa. Na mtoto lazima aandikwe chini yako kama mtegemezi. Usidhani ameingia mwenyewe kwa sababu alikuwa kwenye kadi ya NHIF.

La pili ni kuandikishwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mtoto anapimwa kwanza na madaktari katika hospitali ya serikali inayofanya kazi hiyo. Zamani ilikuwa ni fomu ya karatasi, unaizungusha mkononi mpaka inachakaa. Siku hizi maombi yanapita kwenye eCitizen, na hapo ndipo sisi wa darasa la saba tunapotokwa na jasho. Mwenzetu mmoja alikwenda saiba, kijana akamfungulia akaunti kwa namba ya simu ya kijana mwenyewe. Ujumbe ulipokuja, ulikwenda kwa kijana. Kijana alikuwa amehamia Nairobi. Miezi minne ikapotea. Kwa hiyo: akaunti ni kwa namba yako, nywila uandike kwenye daftari lako, na namba ya simu iwe imeandikishwa kwa kitambulisho chako, si cha bwana wala cha shemeji.

La tatu ni Inua Jamii. Mpango huu wa pesa kwa wenye ulemavu mkubwa ulianza mwaka wa 2011, nao ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Tuelewane vizuri hapa kwa sababu panaleta ugomvi mwingi. Kadi ya Baraza si pesa. Inua Jamii ni ya yule mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji mtu wa kumtunza mchana na usiku, katika nyumba maskini, tena nafasi zina hesabu. Unaweza kuwa na kadi na usiipate. Chifu asitukanwe kwa hilo. Njia ya kulipwa nayo imehama: ilikuwa posta, ikawa benki, ikaja kuhamishiwa simu. Na pesa za mtoto zinapokelewa kwa jina la mlezi. Tuna nyumba moja ambayo bibi ndiye aliyekuwa mlezi. Bibi alifariki, na msiba ulipokwisha hakuna aliyekumbuka kwenda ofisi ya maendeleo ya jamii kusema mlezi amekufa, mlezi mpya ni fulani. Pesa zikasimama. Mtoto yuko, njaa iko, jina la marehemu ndilo lililobaki kwenye kompyuta.

La nne ni shule. Mtoto anapimwa pia kwa upande wa masomo, katika vituo tunavyoviita EARC, vilivyo chini ya elimu. Vituo hivi vilianza Kenya mwaka wa 1984, lakini wengi wetu tulivisikia mara ya kwanza mwaka wa 2019. Pale ndipo mnaambiwa kama mtoto akae darasa la kawaida na kusaidiwa, au kitengo maalum, au shule maalum ya kulala. Sera ya elimu ya 2018 inataka asome pamoja na wenzake pale inapowezekana. Na mtaala huu wa umilisi una njia yao wale wasioweza kufuata darasa kwa umri: wanakwenda kwa hatua, kuanzia kujihudumia mpaka kazi za mikono. Mzazi akijua hivyo haoni aibu mtoto wake wa miaka 13 anapofundishwa kufunga vifungo vya shati. Hilo ni somo lake, na akilifaulu amefaulu.

TUNAVYOFANYA SASA

Kwanza, kila nyumba kati ya zile saba ina mfuko mmoja wa nailoni unaofungwa, unaning'inia juu ya ukuta panya wasifike. Ndani yake mna cheti cha kuzaliwa cha mtoto, nakala ya kitambulisho cha mzazi, karatasi zote za hospitali hata zilizochanika, barua ya shule, picha za pasipoti, na daftari. Cheti cha kuzaliwa ndicho mama wa vyote. Watoto watatu hawakuwa nacho, kwa sababu walizaliwa nyumbani na waliwahesabu ni wa kufa. Tulianza na hao watatu kabla ya jambo lolote.

Pili, daftari. Hili tulijifunza kwa mtoto mwenye usonji. Ukimwona amekaa utasema ni mzima, tena ana sura nzuri. Siku ya kupimwa alitulia kimya akitazama feni. Mama akaambiwa huyu hana ulemavu, ni mtundu, apunguze kumdekeza. Mama alilia njia nzima ndani ya matatu. Tukakaa naye, tukamwambia aandike siku saba, na asiyejua kuandika mtoto wake mkubwa amwandikie: amelala saa ngapi, ameamka mara ngapi usiku, amekula nini na amekataa nini, ametoroka kuelekea barabarani mara ngapi, amesema maneno mangapi, nani amemwosha. Mwalimu wa chekechea akaandika barua yake. Tukampeleka kwanza EARC, halafu tukarudi kule hospitali tukiwa watatu. Safari hii mama hakuulizwa kama anadekeza. Daktari alisoma kurasa zile moja moja, akauliza maswali, akaandika. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini ofisini uchungu hauonekani mpaka uandikwe.

Tatu, wanakwenda wawili. Mmoja ni mzazi, wa pili ni mwanachama asiye na mtoto huyo. Wa pili kazi yake ni kusikiliza na kukumbuka. Mama mwenye mtoto anayepiga kelele hawezi kushika yote anayoambiwa dirishani. Huyu wa pili anauliza maswali matatu kabla ya kuondoka: Ni karatasi gani iliyokosekana? Turudi siku gani? Tumuulize nani kwa jina? Tukirudi, majibu yanasomwa Alhamisi mbele ya wote, ili mwingine asitumwe njia hiyo hiyo bure.

Nne, SHA tunaiwekea kwa wiki. Mwenye kiwango cha 3,600 anatoa shilingi 70 kila Alhamisi kando na hisa zake, na wiki 52 zinampa 3,640. Akiandikiwa zaidi, tunagawa upya kwa wiki. Haba na haba hujaza kibaba. Jambo hili tunalijua, ndiyo kazi yetu ya miaka kumi. Kujiandikisha kwenyewe ni kwa simu yoyote, bonyeza *147#, na binti wa katibu anawasaidia bila malipo wale ambao macho yamechoka.

HESABU, NA MANENO YANAYOSEMWA PEMBENI

Tangu Januari 2025 kila mwanachama anatoa shilingi 20 kila mkutano kwa mfuko wa watoto. Katika mikutano 40 zimeingia shilingi 27,200. Zimetoka 19,450: nauli na chakula cha njiani 8,900, saiba, nakala na picha 3,350, na mikopo isiyo na riba ya SHA kwa nyumba mbili, 7,200, ambayo inarudi kidogo kidogo. Zimebaki 7,750. Ni pesa chache, lakini kila shilingi ina risiti au saini.

Na matokeo yake? Hatutawadanganya siku ya sherehe. Watoto wote saba sasa wana vyeti vya kuzaliwa. Watano wameandikishwa na Baraza. Nyumba nne zimelipa SHA. Watoto wanne wako shule, mmoja wao wa kulala. Anayepata Inua Jamii ni mmoja tu, na yule ambaye bibi yake alifariki bado tunafuatilia, hii ni safari ya tano. Yule wa miaka tisa anapata dawa zake. Bado anaanguka, ila si kama zamani, na mama yake hajakosa mkutano tangu mwezi wa Machi. Leo yuko hapa, ndiye aliyepika pilau mtakayokula.

Sasa, Disemba tunagawana, na kuna hoja itakayoletwa mbele yetu. Wapo wanachama wanaosema mfuko huu ufungwe, zile 20 zirudi kwenye hisa. Wanasema, "Mtoto wangu ni mzima, kwa nini nilipie wa mwenzangu?" Wana haki ya kusema, na tumewapa nafasi ya kusema mkutanoni badala ya kisimani. Nasi tunajibu hapa mbele ya wageni.

Tuna mfuko wa mazishi tangu 2016. Hatujawahi kuuliza ni nani atakayekufa, wala hakuna aliyesema yeye hafi kwa hiyo asichange. Tukichangia maiti bila kuuliza, mbona tunauliza tunapomchangia aliye hai? Na huyo mtoto mzima ni mzima leo. Malaria ya kichwani haipigi hodi. Uzazi mgumu haupigi hodi. Katika zile nyumba saba, watoto wawili walizaliwa wazima kabisa, wakakimbia hapa uwanjani na wenzao.

Tena tutazame upande wa sanduku. Mwaka wa 2024 tulikaribia kumpoteza mwanachama wa miaka tisa, mlipaji mzuri, kwa sababu ya dawa. Angeondoka na deni lake. Kumsindikiza mama huyo mjini kulitugharimu nauli. Kutomsindikiza kungetugharimu mkopo mzima. Kwa hiyo hata asiye na huruma, apige hesabu.

OMBI LETU

Chifu, tunaomba kila tangazo jipya la huduma hizi litufikie kwenye baraza kabla halijaanza kutumika, si baada ya mtoto kukosa dawa. Tuko tayari kulipeleka nyumba kwa nyumba kwa miguu yetu.

Walimu, tunaomba barua zenu. Barua ya mistari kumi kutoka kwa mwalimu ilifungua mlango ambao machozi ya mama hayakuufungua.

Wahudumu wa afya wa kijiji, nyinyi mnaingia nyumba zote. Mkiona mlango uliorudishwa, tuambieni. Hatuendi kushitaki wala kusema watu. Tunakwenda na mfuko wa nailoni.

Akina baba, karibuni pia. Katika safari zote za mwaka huu baba mmoja tu alikwenda na mtoto wake ofisini, na tulimpigia makofi Alhamisi iliyofuata mpaka akaona haya. Tungependa ifike siku asipigiwe makofi tena.

Na wewe uliyekuja leo kama mgeni, na una mtoto nyumbani ambaye hukumleta kwa kuogopa macho ya watu: Alhamisi saa tisa tuko chini ya mwembe ule ule. Si lazima uwe mwanachama. Njoo na cheti kama kipo, na kama hakipo njoo hivyo hivyo. Atatafutwa mtu wa kwenda nawe.

Miaka kumi imepita tukijua kuweka pesa. Twaomba inayokuja tujue kuwekana sisi kwa sisi.

 Pilau iko tayari, watoto waanze kwanza.